Obonyo Watatu wa Boma Moja

Homa Bay,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako mke wangu, Mama Zena,

Asalaam aleikum. Nakuuliza hali wewe kwanza kabla ya mtoto, maana najua kila anayeingia hapo nyumbani anakupita akaende kumfunua mtoto. Je, nguvu zimerudi? Mgongo umeacha kuuma? Unakula, au unashinda unawapikia wanaokuja kukupa pole na hongera? Na Zena amempokeaje mdogo wake? Namjua yule binti yangu, atakuwa anambusu mbele za watu na kumfinya wakigeuka. Mchunge.

Mimi huku ni mzima wa mwili, Alhamdulillahi. Sina homa, sina jino, sina tumbo. Ila nimechoka. Nimechoka uchovu ambao ukilala unaamka nao, umekaa hapo hapo ulipouacha, unakusubiri uvae viatu. Kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda, usiseme Hamisi ameanza kuzeeka.

Barua yako niliipata jana. Niliisoma mara mbili nimesimama pale posta, na ya tatu nimekaa. Una haki ya kila neno. Umesema mtoto wa watu amefikisha siku saba hana jina, bibi yake anamwita Wewe, Zena anamwita Huyo, na mbuzi wa akika anakula majani ya jirani na kuleta ugomvi. Umesema likizo yangu ilikuwa imeshaandikwa, na telegramu uliituma mapema, na baba gani anayejibu telegramu ya mtoto wa kiume kwa maneno mawili, "Kazi. Subirini." Kweli, baba gani? Nashukuru mama amesogeza akika hadi siku ya ishirini na moja. Barua hii nampa muuza mitumba mmoja, jirani yangu wa msikitini, anayeondoka kesho kwenda Mombasa kuchukua mzigo, na ameniapia ataivusha feri mwenyewe na kukufikishia Msambweni. Ningeweza kukutumia jina kwa telegramu, ni neno moja tu. Lakini ungeliona ungeuliza nimerukwa na akili au vipi, kwa sababu silo nililokuwa nikilitaka. Kwa hiyo jina nitakupa mwisho wa barua. Usifunue ukurasa wa nyuma. Nakujua.

Miaka yote hii ukiniuliza kazi yangu hasa ni nini nakujibu "kompyuta", na tunaishia hapo. Leo itabidi nikueleze, kwa sababu usipoielewa kazi hutalielewa kosa, na usipolielewa kosa utadhani nilibaki huku kwa kupenda.

Mradi wetu unatibu malale, ule ugonjwa wa mbung'o, kwa watu wa bonde la Lambwe na Magunga na vijiji vingine vilivyopakana na mbuga. Mtu akishatibiwa haachwi hivi hivi. Inambidi arudi kila baada ya miezi kadhaa apimwe maji ya mgongo, kwa muda mrefu, maana ugonjwa huu hujificha, halafu siku moja ukarudi kichwani. Ukirudi mgonjwa huanza kulala mchana. Analala leo, analala kesho, mpaka siku haamki. Majina yao wote na tarehe zao za kurudi yamo kwenye mashine iliyo chumbani kwangu. Wenyewe wanaiita database. Mimi nikikuandikia nitaiita daftari. Kila Jumatatu daftari linatoa orodha ya wanaotakiwa wiki ile, na kijana wetu Ouma anaichukua, anapanda pikipiki, anakwenda kuwatafuta majumbani.

Kazi yangu ni kulilinda daftari hilo lisipotee. Kila Jumapili nalinakili zima kwenye kanda. Kuanzia hapo, kila kinachoandikwa humo na kila kinachofutwa, hata herufi moja, mashine inakiweka pia pembeni, kwenye mafaili ya kumbukumbu yenye nambari zinazofuatana. Ukiharibikiwa siku ya Alhamisi, unarudisha nakala ya Jumapili, kisha unailisha mashine yale mafaili moja moja kwa mpangilio, ya Jumatatu, ya Jumanne, ya Jumatano, nayo inayarudia yote yaliyotendeka kama yalivyotendeka. Unaweza kuiambia isimame dakika ile unayoitaka wewe, kabla ya balaa. Lakini faili moja likikosekana katikati, inagoma hapo hapo, hailiruki. Wewe msusi wa mikeka utanielewa: ukili ukikatika katikati, huwezi kuendelea na kile kipande cha mbele ukajifanya hukuona.

Shida ya mafaili haya ni kwamba yanajaa. Yanakaa kwenye diski yake, na diski ikijaa mashine nzima inakataa kuandika chochote. Basi mimi kila saa naangalia imejaa kiasi gani, na naandika kwenye kijitabu changu cha mkono. Saa mbili asubuhi, asilimia arobaini. Saa sita, sitini. Ikikaribia tisini natoka jasho. Jioni nayanakili kwenye kanda mbili. Moja inabaki hapa, ya pili inakwenda ofisi yetu ya Migori kila Ijumaa kwa gari la mradi, ili hapa pakiungua kule pasalie. Kisha nayafuta kwenye diski nipate nafasi ya kesho. Ndivyo nilivyoishi miaka miwili, Mama Zena. Natazama kitu kinajaa, nakipunguza, kinajaa tena. Hata ndoto zangu siku hizi zina asilimia.

Sasa sikiliza kosa.

Wiki mbili na siku kadhaa zilizopita, Jumatano, diski ilianza siku ikiwa imeshajaa kupita kawaida. Kanda mpya nilizoomba Nairobi hazikuja. Wale wadudu wa ziwani, wanaotanda kama moshi, walikuwa wameingia dirishani na kujaa kwenye feni ya mashine, na tangu alfajiri nilikuwa nikiwatoa kwa brashi ya viatu. Akili yangu yote ilikuwa Msambweni. Zilibaki siku saba tu nije nyumbani. Nikasema kabla sijaondoka nilisafishe daftari, nitoe vilivyozidi, nimwachie mwenzangu nyumba safi. Nikatafuta majina yaliyoandikwa zaidi ya mara moja: jina lile lile, boma lile lile, umri ule ule au karibu. Yakatoka mengi. Nikaona makarani wa zamani walikuwa wavivu kweli. Nikaiambia mashine ibakize moja moja, ifute mengine. Ilichukua dakika chache, nami nikaenda kunywa chai nikijiona fundi.

Niliporudi kutazama diski nilishangaa. Saa tatu niliandika asilimia sabini na moja, saa nne themanini na nane. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo nawafundisha wengine, kwamba kufuta nako kunaandikwa. Nilitaka kupata nafasi nikaipoteza. Nikacheka peke yangu, nikayaandika kwenye kijitabu, nikaendelea na kazi.

Jumatatu iliyofuata asubuhi, kwa kuwa kanda zimeniishia, nilimpigia simu karani wetu wa Migori. Anaitwa Mzee Marwa, Mkuria, mtu wa makamo, mwenye kofia asiyoivua hata mvua ikinyesha ndani. Nikamwambia anirudishie kanda zote za wiki iliyopita nizitumie upya.

"Bwana Hamisi," akasema, "hizi kanda nilipokea kwa sahihi. Zitatoka kwa sahihi."

"Mzee, ni mimi nakuambia. Mimi ndiye niliyezileta."

"Sauti yako ninajua. Lakini simu haina sahihi. Leta barua, iwe na muhuri."

Nikakata simu kwa hasira. Nilimwita jina ambalo sitaliandika hapa.

Mchana ule ule, Sista Akoth, muuguzi mkuu wetu, aliingia chumbani kwangu na orodha mkononi. Ni mwanamke mnene, mpole, anayeniita Jamombasa, mtu wa Mombasa, hata nikimweleza mara mia kwamba Msambweni si Mombasa.

"Jamombasa, mbona hii Obonyo iko moja tu?"

"Obonyo gani?"

"Obonyo ya kwa Obonyo, Magunga. Hao watoto ni watatu."

"Walikuwa watatu," nikamwambia, tena kwa kujisifu. "Nimesafisha. Mtu mmoja alikuwa ameandikwa mara tatu."

Akavua miwani. "Nani alikuambia ni mtu moja?"

Akavuta kiti akakaa, akanieleza polepole, kama anayemweleza mtu aliyefiwa. Katika boma lile babu yao aliitwa Obonyo. Alipokufa, aliwajia kwenye ndoto wake za wanawe watatu, mmoja mmoja, na kila mmoja alipojifungua mvulana akampa jina la mzee. "Sasa ungetaka nani akatae?" akaniuliza. "Mzee akikuja kwako na ukose kumuita, mtoto atalia mpaka uchoke. Hapa kwetu boma ikiwa na Obonyo watatu ni baraka. Kwako wewe ni makosa ya karani."

Fomu zetu zina jina, zina boma, zina umri. Jina la baba hazina. Watoto watatu walikuwa na miaka minane, minane na tisa. Mimi nilibakiza mmoja kama mtu anayechagua nyanya. Na kwingine nilifanya hivyo hivyo, kwa kina Atieno wa boma moja na kina Onyango wa boma jingine. Mistari mia mbili na ushee. Fomu za karatasi zilikuwa zimeshapelekwa Nairobi mwisho wa mwezi, kama kawaida, na zikifika huko ni safari nyingine kuzitoa.

Ouma alipanda pikipiki saa ile ile akaenda Magunga. Alirudi jioni na habari. Obonyo wawili wapo na ni wazima, wanachunga mbuzi. Wa tatu hayupo. Mama yake aligombana na mama mkwe, akamchukua mtoto akaondoka bila kuaga, na bomani hakuna anayejua alikoelekea, au wapo wanaojua na hawataki kusema. Sista Akoth alipekua orodha yake. Halafu akasema, "Huyo ndiye mwenye alikuwa arudi wiki hii."

Na hapa ndipo ilipo aibu yangu hasa, Mama Zena, na ningeweza kukuficha. Mwanamke yule alikuja ofisini kwetu. Ouma aliambiwa hivyo na wake wa shemeji zake pale bomani: kabla hajaondoka alisema atapitia Homa Bay kuwaarifu watu wa malale anakohamia, ili mtoto asipotee. Aliondoka Jumanne. Jumanne ile karani wa mapokezi alikuwa mgonjwa, na niliyekaa kwenye kiti chake ni mimi. Kwa hiyo alisimama mbele yangu. Alinitajia mahali, nami nikapachapa kwenye safu ya maelezo, ambayo siku ya pili yake nilipokuwa nikifuta sikuiangalia hata kidogo. Nilijaribu kumkumbuka. Nilikaa nimefumba macho nikitafuta uso, kanga, sauti, mtoto aliyesimama kando. Hakuna. Nilikumbuka asilimia ya siku ile, ilikuwa sitini na nne saa tano. Yeye sikumkumbuka.

Nakala ya Jumapili ya kabla ya kufuta haikuwa na habari hiyo, kwa sababu alikuja Jumanne. Daftari la sasa halikuwa nayo, kwa sababu niliifuta Jumatano. Ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, ndani ya yale mafaili ya kumbukumbu ya Jumanne.

Kesho yake, Jumanne, tulichapa kwenye karatasi yote yaliyoingia tangu nilipofuta, maana kurudi nyuma kungeyameza na hayo, na ingebidi tuyachape upya kwa mkono. Kisha nikalivunja daftari na kurudisha ile nakala ya Jumapili. Nikalisha mafaili ya Jumatatu, yakaingia vizuri. Nikatia kanda ya Jumanne, mashine ikaivuta, ikaguna, ikaitema. Nikaisafisha, nikaitia tena. Ikaitema. Ndani yake mlikuwa na wale wadudu, wamesagika juu ya utepe. Mafaili yenyewe nilishayafuta kwenye diski jioni ya Jumanne ile bila kuhakikisha kwamba kanda inasomeka, kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha na nilitaka kwenda kulala.

Ni wakati huo ndipo tarishi aliponiletea telegramu yako. Mtoto wa kiume, wote salama, jina. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, nikamwonyesha Sista Akoth naye akapiga kigelegele mle chumbani. Halafu tukaitazama mashine tena. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuanza likizo yangu. Nilikwenda posta nikakutumia yale maneno mawili uliyoyachukia. Sikuwa na mengine.

Jumatano nikaenda Migori kwa gari la mradi. Njia nzima nilikuwa najiuliza kama Mzee Marwa hakuzipakia zile kanda akazituma kwa basi, kwa kuniheshimu. Na kama alizituma, zimo njiani na mtu anazikalia. Nilimkuta mezani pake, kofia kichwani, anapanga risiti.

"Umeleta barua?" akaniuliza kabla ya salamu.

"Mzee, zipo?"

"Nimekuuliza, umeleta barua?"

Nikamwambia sina. Nikamwambia nilikosea, nikamweleza yote, habari ya mtoto na ya ndoto na ya wadudu. Alisikiliza. Akainuka, akafungua kabati, akatoa debe la biskuti lililofungwa kwa kitenge cha mke wake, fundo juu ya fundo, kwa sababu ya vumbi, alisema. Kanda zote zilikuwa mle, zimesimama kwa mpangilio wa siku. Akafungua kitabu chake akanigeuzia.

"Weka sahihi hapo. Na hapo. Siku nyingine ukiniambia nitoe kitu bila karatasi, utajua sisi watu wa huku tuko na kichwa ngumu."

"Nimeshajua, Mzee."

"Haya. Umezaa, nasikia? Hongera. Sasa enda, mtoto ya watu anangoja."

Nilitaka kumkumbatia lakini niliogopa kumvua kofia.

Kanda ya Marwa ilisomeka. Alhamisi asubuhi nilifungua kile kijitabu changu, nikaona pale ambapo asilimia iliruka kati ya saa tatu na saa nne, nikatazama saa zilizoandikwa kwenye mafaili, yalianza kubanana saa tatu na dakika arobaini na mbili. Nikaiambia mashine isimame saa tatu na dakika arobaini. Ikajikongoja, faili baada ya faili, Sista Akoth amesimama nyuma yangu ananipumulia shingoni. Ikasimama. Nikaita jina. Wakatoka watatu, mmoja chini ya mwingine, Obonyo, Obonyo, Obonyo, wote wa kwa Obonyo. Na mbele ya yule wa tatu, kwenye safu ya maelezo, kwa kuchapa kwangu mimi mwenyewe: amehamia Osiri kwa baba yake machimboni, mama anauza uji nyuma ya kanisa la mabati.

Tulikwenda sote, mimi na Sista na Ouma. Osiri ni mashimo ya dhahabu, Mama Zena, watu wamepakaa udongo mwekundu hadi kwenye nyusi, na kila hatua unaambiwa angalia usitumbukie. Kanisa la mabati tuliliona, na nyuma yake mwanamke mwembamba ameinama kwenye sufuria. Kando yake, juu ya gunia, kwenye jua la saa nane, mtoto amelala.

"Min Obonyo," Sista akamwita, yaani mama Obonyo. Wakaanza kusemezana Kijaluo. Niliona Sista amepiga magoti, anamwamsha mtoto, na mtoto anafungua macho na kuyafunga tena. Mama yake akageukia Kiswahili ili nami nisikie.

"Analala tu. Asubuhi analala, mchana analala. Nikasema labda ni hii jua ya Osiri. Nikasema watu ya hospitali watakuja, wanajua pahali niko." Kisha akanitazama vizuri. "Wewe ni ule wa kompyuta."

"Ndiyo mimi."

"Nilikuambia Osiri mara mbili. Hukuinua uso."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angesema kwa hasira. Nikamwomba msamaha pale pale mbele ya wateja wake wa uji, naye akasema, "Saidia kubeba," kwa hiyo nikambeba mtoto mpaka kwenye gari. Ni mwepesi sana kwa miaka minane. Kichwa chake kilikuwa begani kwangu njia nzima, na nilikuwa nahesabu pumzi zake kama ninavyohesabu asilimia.

Maji ya mgongo yalionyesha ugonjwa umerudi. Dawa ya hatua hiyo ni kali, inachoma mshipa, na wapo inaowashinda. Sista aliniambia ukweli: wangempata siku chache nyuma ingekuwa rahisi zaidi, na wangempata siku chache mbele isingefaa kitu. Tangu hapo mchana nachapa upya zile karatasi na kuwatafuta wengine niliowafuta, na wote mpaka sasa wamepatikana, na jioni napita wodini. Ndiyo sababu sikuja. Hakuna aliyenizuia. Nilimwandikia bosi Nairobi nikamweleza kosa langu lote, na sijui atanijibu nini. Lakini nisingeweza kukaa hapo barazani kwetu nikamshika mwanangu huku yule wa mwenzangu sijui ataamka au hataamka.

Jana, baada ya kuisoma barua yako, nilipita wodini. Alikuwa ameketi. Ameketi mwenyewe, anakula samaki kwa vidole, na mama yake anamtolea miiba. Sista anasema njia bado ni ndefu, lakini mchana wote hakulala. Akaniuliza jina langu, nikamwambia Hamisi. Akafikiri, akasema, "Hamisi iko mingapi kwenu?" Nikacheka mpaka nikatoka nje, na huko nje, nisikufiche, nililia.

Sasa salamu. Nisalimie mama sana, mwambie nimepokea maneno yake yote, hata yale uliyoyapunguza ukali. Msalimie kaka yangu Salim na mkewe, mwambie Salim nashukuru kwa kuwa baba wa nyumba mbili wakati mimi sipo, na asiuze yule mbuzi kwa sababu ya jirani. Wifi yako Mwanaisha mwambie dawa ya macho nimeipata, anayo huyo anayeleta barua. Shangazi yangu mpe mkono, mwambie naombea miguu yake. Zena mbusu, umwambie baba anakuja baada ya siku ambazo anaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono na mguu.

Na jina. Unakumbuka kabla hujajifungua uliniandikia kwamba akiwa mwanamume tumpe la marehemu baba, nami nikakujibu vibaya. Nilisema Salim ameshalitumia kwa mwanawe, na nyumba moja haiwezi kuwa na Bakari wawili, watachanganyika shuleni, hospitalini, mpaka kwenye vitambulisho. Niliandika hivyo kama mtu mwenye akili. Baba yangu mwenyewe, nami nikamwona kama mstari uliorudiwa.

Mwite Bakari. Nao shuleni wakiuliza, waambie ni wawili, na wote ni wetu. Na siku utakayosimama mlangoni ukaita chakula, wakaja mbio Bakari wawili, tafadhali usimrudishe mmoja.

Ni mimi mumeo,
Hamisi wa Bakari, baba yake Bakari